Gari Lililoshikilia Posa Yangu

Wapo wanaochelewa kuolewa kwa sababu zinazoeleweka: wazee hawapatani, mahari haijatimia, bwana harusi amehamishwa kikazi. Mimi nilicheleweshwa na gari la plastiki, dogo la kutosha kusimama juu ya kiganja, tena gari ambalo hakuna kiwanda chochote duniani kilichowahi kulitengeneza. Baba yangu na mchumba wangu walilibuni wenyewe, barazani kwetu, mbele ya macho yangu, na vipande vyote niliwaletea mimi. Hilo la mwisho ndilo lililoniuma zaidi.

Tulikaa Kariakoo, nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma. Mimi na baba tulikuwa na vyumba viwili vya mbele, wapangaji wamejaa vilivyobaki. Mama alifariki nikiwa bado nasoma. Kaka zangu walishaoa na kwenda zao, mmoja Mwanza, mwingine Mtwara, na Idi wakikumbuka kuja wanakuja, wasipokumbuka tunakula pilau wawili. Nikabaki mimi, kitinda mimba, na cherehani yangu barazani, nashona sare za shule kutwa nzima huku nikisikiliza baba anavyoyasema magari ya watu.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake mpya. Alikuwa dereva wa malori maisha yake yote, mpaka macho yalipoanza kumsaliti na wakubwa wakamwambia apumzike. Akawa anakaa kwenye kiti cha kamba, kofia imeinama usoni, na kila gari likipita analitolea hukumu kwa kulisikia tu. "Yule klachi imekwisha." "Huyu anaua injini, na injini si ya baba yake." Madereva waliomfahamu walikuwa wakifika karibu na nyumba yetu wanaendesha kwa adabu.

Sasa, mambo ya vile vipande. Ilikuwa ile miaka ya foleni. Habari ikipita mtaani kwamba duka fulani lina sukari, mtu anaacha chungu jikoni anakimbia, anajipanga, halafu ndipo anamuuliza wa mbele yake foleni ni ya nini. Duka letu lilikuwa la mtu wa Kilimanjaro ambaye mtaa mzima ulimwita Mangi, mtu mpole, mwenye tabia ya kukuna kidevu kabla ya kukupa habari mbaya. Siku hiyo nilipofika mbele alianza kukuna.

"Dada, sukari ipo," akasema. "Lakini inakwenda na boksi."

"Boksi la nini?"

"Hata mimi sijui vizuri. Kule bohari wamenipa sukari, wakaniambia na haya nichukue. Nikiyaacha haya, sukari anapewa mwingine. Sasa na mimi nitafanyaje?"

Ndivyo ilivyokuwa. Kitu kinachotakiwa kilitembea na kitu kisichotakiwa, kama bwana harusi mzuri anayekuja na mama mkwe. Mpangaji wa chumba cha uani alitaka sabuni akapewa na mnyororo wa mbwa. Hakuwa na mbwa. Aliufungia ndoo yake bombani, na ndoo ile haikuibwa tena. Mimi niliondoka na sukari yangu na boksi lenye picha ya gari jekundu, na ndani vipande vya plastiki vimeshikana kwenye vijiti, na karatasi ya maelezo yenye maandishi ambayo nusu ya nyumba ilisema ni ya Kichina na nusu ikasema ni ya Kijapani. Safari ya pili ya sukari nikapewa boksi la ndege. Ya tatu, lori. Niliyarundika chini ya kitanda, nikawaza siku moja nitawapa watoto wa majirani.

Baba aliyagundua alipokuwa anatafuta kandambili. Akakaa sakafuni palepale, akafungua boksi la lori, akakishika kichwa cha lile lori bila mwili, akakileta karibu na pua kwa sababu ya macho yake. Nilikuwa sijamwona anatabasamu namna ile tangu aache kazi.

Inabidi nieleze kitu kimoja hapa, maana bila hicho mtu atadhani baba yangu alirudia utoto. Zamani, akiwa njiani kutoka Mbeya, mvua imemwaga, alikuta gari la mashindano limezama kwenye matope hadi milango. Wenyewe wawili wamekaa juu ya boneti kama kuku. Baba akawafunga kamba, akawavuta na lori lake, na dereva wao kwa shukrani akamwambia apande akae kwenye usukani kidogo. Alikaa. Hakuendesha, alikaa tu, na akatuhadithia kile kiti kwa miaka. Alisema lile gari lilikuwa zuri lakini waliolitengeneza hawakujua matope. Angelitengeneza yeye, lingekuwa na pua ya lori, mgongo wa gari dogo, na tumbo lililoinuka juu. Mama alikuwa akimjibu, "Basi litengeneze, tule ugali."

Sasa alikuwa na pua ya lori mkononi.

Mchumba wangu naye alikuja kwa njia ya ovaroli. Alifanya kazi karakana ya reli, mtaa wa Gerezani, na cheche za moto zilikuwa zinamtoboa nguo, akaniletea nimtilie kiraka. Wiki iliyofuata ovaroli imetoboka tena. Nikaweka kiraka kingine. Ilipofika mahali ovaroli ina viraka vingi kuliko ovaroli yenyewe, nikamuuliza kama kazi yake ni kuchomelea chuma au kujichomelea mwenyewe. Akacheka, akasema kama angeleta nguo nzima ningemfukuza. Alikuwa na mikono mikubwa na sauti ndogo. Nikampenda, ndiyo hivyo, sina maelezo mengine.

Taabu ni kwamba alikuwa Mnyamwezi, na sisi ni Wazaramo. Nasema taabu, lakini siyo ile ya watu kuchukiana. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, na maneno ambayo wengine wangeyaitia polisi, kwetu ni salamu. Siku ya kwanza alipoinama na kusema "Shikamoo mzee," baba akamwitikia vizuri, "Marahaba, mwanangu," halafu akauliza anatoka wapi. Alipotaja Tabora, baba akasogeza kiti.

"Kumbe mtani wangu! Na magari unayatengeneza?"

"Mabehewa, mzee."

"Mnyamwezi na gari wapi na wapi? Nyinyi mnajua kubeba tu. Babu yako alikuja pwani kwa miguu, pembe kichwani."

"Ni kweli, mzee. Na alipofika alimkuta babu yako amelala chini ya mnazi. Tunasikia mpaka leo hajaamka."

Baba alicheka mpaka kofia ikaanguka. Nikajua wamepatana. Lakini nilikuwa sijaona hatari ya jambo lile: mtani hajulikani lini anasema kweli. Baba alipomwambia, "Binti yangu simpi mbeba mizigo," kila mtu alicheka, na mimi nilicheka, na usiku nikalala macho wazi nikijiuliza kama lile lilikuwa utani.

Mshenga akaja kirasmi, mzee mmoja wa msikitini, kanzu imepigwa pasi hadi inakata. Alizungumza vizuri, akazunguka kama desturi inavyotaka, akafika kwenye posa. Nilikuwa nyuma ya pazia. Baba akasema, "Mwambie mtani wangu, jibu langu atalipata siku gari litakaposimama kwa matairi manne."

"Gari gani?" mshenga akauliza.

"Anajua."

Mshenga aliondoka akiwa na hakika kwamba baba anadai gari kama mahari, na habari hiyo ilifika sokoni kabla yake. Kwa wiki nzima wanawake walinipa pole.

Ikawa kila alasiri mchumba wangu anatoka kazini Gerezani, anakuja moja kwa moja barazani kwetu, na wao wawili wanainamia meza yangu ya kukatia vitambaa. Meza yangu. Mimi nikawa nakatia sare za watoto juu ya mkeka. Gundi iliyokuja kwenye boksi ilikuwa imekauka tangu huko ilikotoka, wakajaribu ya viatu, wakajaribu uji wa muhogo, vipande vikakataa kushikana. Mwishowe mchumba wangu akanusa chupa yangu ya dawa ya kutolea rangi ya kucha, akachovya njiti, akagusa plastiki. Plastiki ikalainika, ikashikana na nyingine na kuwa kitu kimoja. Walifurahi sana. Chupa ile nilikuwa naitunza kwa ajili ya harusi.

Rangi nayo walitaka nyekundu. Unadhani nyumba ile ilikuwa na rangi nyekundu wapi? Waliipaka kwa brashi yake yenyewe ndogo, kwa uangalifu kuliko nilivyowahi kujipaka mimi, na baba akasema mng'aro wake ni kama wa gari la rais. Nikawaambia kucha zangu pia zilikuwa na mng'aro huo. Hakuna aliyenisikia.

Gari lenyewe lilikuwa na sura ambayo mpaka leo siwezi kuieleza bila kutumia mikono. Pua ya lori. Mwili wa lile gari dogo jekundu, umekatwa kwa kisu kilichopashwa moto kwenye mkaa. Nyuma, mkia wa ndege, kwa sababu mchumba wangu alisema gari la kasi likikosa mkia litapaa. Matairi ya lori, manne, makubwa. Boksi la lori lilipaswa kuwa na mengi zaidi, lakini mengine ama yalisahauliwa kiwandani ama yalishuka njiani. Matairi madogo ya boksi la kwanza baba alishawagawia watoto wa wapangaji, wakayafunga kwenye magari yao ya waya, na kumnyang'anya mtoto tairi ni jambo lisilowezekana.

Waligombana mara moja tu kwa kweli. Mchumba wangu alikuja na ukurasa wa gazeti la Kizungu aliofungiwa karanga. Palikuwa na picha ya magari ya mbio yamepakwa maandishi kila mahali, na mwenzake mmoja wa karakana alikuwa amemsomea. Akaanza kumweleza baba: hayo ni magari ya kawaida tu kwa kuyatazama, kama ya mtaani, ila yameongezewa nguvu. Hayaendi mbali. Yanazunguka uwanja wa duara, yanakata kushoto, kushoto tu, kutwa nzima. Hata matairi yake...

"Yanazunguka?" baba akamkatiza. "Hayaendi Mbeya?"

"Hayaendi popote, mzee."

"Gari lisiloenda popote si gari, ni pangaboi. Mimi nimeendesha mpaka ambako barabara imekwisha. Usiniletee habari za kuzunguka."

Ukurasa ule akaupigilia ukutani kwa misumari miwili, apate kuudharau vizuri. Hata hivyo zile habari za maandishi aliziiga. Alikata karatasi za sabuni na nembo za viberiti, akabandika mlangoni na kwenye boneti, na gari likaonekana kama limetoka kwenye foleni lenyewe.

Balozi wetu wa nyumba kumi alipita kukagua usafi, akalikuta mezani. Alikuwa mtu makini, mwenye kalamu mfukoni daima. Akalizunguka.

"Ndugu mzee, hili linachukua watu wangapi?"

"Mmoja," baba akasema. "La mashindano."

"Mtu mmoja!" Balozi akavua miwani. "Wananchi wanapanga foleni ya basi mpaka jua linazama, wewe unatengeneza gari la mtu mmoja? Na petroli yenyewe inaagizwa kwa fedha za kigeni?"

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Baba, ambaye angeweza kumjibu kwamba lile gari halinywi hata tone, alijikuta anaona haya kweli. Mchumba wangu akaahidi kwamba kiti cha pili kitawekwa. Kikawekwa, kikatolewa kwenye ndege, na baba akasema ni kiti cha utingo, kwani dereva asiye na utingo akikwama matopeni atasukumwa na nani. Balozi akaridhika. Akaomba pia nafasi ya magunia mawili, lakini hapo baba alikataa.

Baada ya kiti kilibaki kitu kimoja tu: kuvisha matairi. Mchumba wangu alivaa shati jipya siku hiyo. Mimi nilipika maandazi, kwa sukari ile ile ya boksi, nikayapanga kwenye sahani ya wageni. Baba akakunja mikono ya shati, akaweka la nyuma kulia, la nyuma kushoto, la mbele kulia. Akapeleka mkono kwenye kisahani cha matairi. Kisahani kilikuwa kitupu.

"Liko wapi la nne?"

Tulilitafuta mpaka magharibi. Tulitafuta chini ya meza, kwenye mfuko wa vitambaa, ndani ya cherehani. Siku ya pili wapangaji wote waliingia kazini. Tulichekecha mchanga wa uani kwa chekeche langu la unga. Tulichakura majivu. Paka alitazamwa kwa jicho baya. Watoto walifunguliwa viganja mmoja mmoja, na mpangaji wa mnyororo wa mbwa akasema waziwazi kwamba yeye anamshuku balozi. Na katika yote hayo aliyetafuta kwa bidii kuliko wote alikuwa baba. Yeye ndiye aliyetuamrisha tuinue mtungi. Aliinama mwenyewe kuangalia chini ya kitanda, huku akilalamikia kiuno, akatoka na buibui kwenye kofia.

"Ni panya," akasema kwa huzuni. "Panya wa Kariakoo wanakula mpaka chuma."

Mshenga akaja kuuliza. Gari limesimama? Halijasimama. Akarudi tena mfungo ulipokaribia. Bado. Mchumba wangu alijitolea kuchonga tairi la mbao, baba akasema gari la plastiki haliwezi kuvaa mbao, litaonekana kama kiwete. Akajitolea kulisaga la chuma karakanani, baba akamwambia ile ni mali ya umma. Kijana wa watu akaanza kukonda. Ovaroli zake zikawa hazitoboki tena kwa cheche, akaja na nguo nzima, na hiyo ndiyo iliyonitisha. Nilikuwa naona kabisa kwamba atachoka, atapanda treni arudi kwao Tabora, na mimi nitabaki nashona sare za watoto wa wenzangu.

Jumamosi ilikuwa siku yangu ya kufua. Baba alikuwa na shati la kaki la kazini ambalo hakukubali kuliacha ingawa kazi ilimwacha yeye. Nilishalitia kwenye povu ndipo vidole vyangu vikagusa kitu kigumu ndani ya mfuko wa kifuani. Kifungo cha mfuko kimefungwa. Nikafungua. Ndani palikuwa na kipande cha kitambaa cha buluu, mabaki ya sare zangu, kimekunjwa vizuri. Ndani ya kitambaa palikuwa na tairi.

Hasira iliyonipanda sijawahi kuipata kabla wala baada. Niliinuka na povu mikononi. Nilitaka kwenda barazani nikamwekee lile tairi kwenye kiganja mbele ya wapita njia wote, na paka naye awepo, aombwe radhi. Nilifika mpaka ukumbini. Kupitia mlango nikamwona mgongo wake, amekaa peke yake na lile gari, analisukuma polepole juu ya meza kwa kidole kimoja. Linakwenda, likielemea upande usio na tairi linaanguka. Analiinua. Analisukuma tena.

Nikarudi kwenye beseni.

Kitu ambacho sikukisema kuhusu baba ni kwamba mama alipofariki yeye ndiye aliyenisuka nywele. Alikuwa anarudi safarini na vumbi lake, anakaa kwenye kigoda, ananibana katikati ya magoti na kunisuka kwa vidole vya dereva, mistari imepinda kama barabara za milimani. Shuleni walinicheka, na sikuzifumua hata mara moja. Sasa nikaelewa. Hakuwa anamkataa yule kijana. Alimpenda, angekuwa hampendi angesema hapana siku ile ile na utani ungeishia hapo. Hakuweza kusema hapana na hakuweza kusema ndiyo, basi akaificha ndiyo yake mfukoni na kuifungia kifungo. Nililia. Nasema wazi, nililia juu ya lile povu, kwa kumwonea huruma na kwa kumkasirikia, vyote kwa pamoja.

Nilifua shati, nikalianika, nikalipiga pasi. Tairi nililifuta, nikalikunja kwenye kitambaa chake kilichokauka, nikalirudisha mfukoni na kufunga kifungo.

Kesho yake alilivaa. Nilikuwa kwenye cherehani. Mkono wake ukaenda kifuani, ukagusa mfuko, ukasimama. Shati limefuliwa, limepigwa pasi, na tairi limo. Akanitazama. Mimi nikatazama sindano. Siku hiyo hakuna gari lililopita mtaani likapata hukumu.

Alasiri mchumba wangu alipofika nilimpa kiti, nikawaambia wote wawili watoe mikono mezani. Nililichukua boksi la ndege. Ndege ilikuwa na vijitairi vyake, vidogo, vya kushukia. Nikachovya njiti kwenye tone la mwisho la ile dawa yangu ya kucha, nikagusa, nikalibandika tairi la ndege mbele kushoto, pale penye pengo. Nikahesabu kimoyomoyo mpaka lishike. Nikaliweka gari chini.

Lilisimama. Liliinamia upande mmoja kama mtu anayesikiliza kwa sikio moja, lakini lilisimama.

"Matairi manne, baba," nikasema.

Baba akalitazama kwa muda mrefu. "Limeinama."

"Linatakiwa kuinama, mzee," mchumba wangu akasema. Nilimgeukia nikidhani ananitetea kwa uongo. Alikuwa anaonyesha ule ukurasa wa ukutani. "Hilo ndilo nililotaka kukwambia siku ile. Yale magari ya kuzunguka, matairi yake hayalingani. Upande wa kushoto madogo, wa kulia makubwa. Ndiyo yanakubali kukata kona. Hili sasa ni la kuzunguka kabisa."

"Haliendi tena Mbeya."

"Haliendi, mzee. Linazunguka tu. Linaondoka hapa, linakata kushoto, linakata kushoto, linarudi hapa."

Baba akasogeza gari karibu na macho yake. "Kila mzunguko linapita hapa?"

"Kila mzunguko. Lisipopita ujue limeharibika."

"Na wewe unakaa wapi?"

Alijua vizuri anakaa wapi. "Buguruni, mzee. Chumba kimoja."

"Buguruni," baba akasema, kama anapima umbali kwa mafuta. Akalisukuma gari kwa kidole. Kwa sababu ya lile tairi dogo, kweli, halikunyooka. Lilikata kushoto, likazunguka mkasi wangu, likapungua mwendo, likasimama karibu na kiganja chake. Akalifunika kwa mkono.

"Mwambie mshenga aje kesho," akasema. "Na avae viatu, maana mara zote anakuja na kandambili kama Mnyamwezi."

Tulioana kabla ya mfungo. Mshenga aliwaeleza watu kwamba gari la mahari lilipatikana, na wapo wazee wa Kariakoo ambao mpaka wanakufa waliamini nililipiwa gari. Sikuwakanusha.

Ijumaa ya kwanza baada ya harusi tulikuja kumsalimia. Nilikuta nyumba imefagiliwa vibaya, namna wanaume wanavyofagia, na gari liko juu ya redio. Nililitazama mara mbili. Halikuinama. Lilikuwa na matairi manne makubwa, sawasawa, ya lori.

"Lilikuwa chini ya kitanda," baba akasema kabla sijamuuliza. "Lile la nne. Nimefagia nikaliona."

"Ndiyo, baba. Panya hao."

"Panya," akakubali.

Mume wangu aliangalia dari. Nikavua khanga ya kutokea, nikafunga nyingine kiunoni, nikakusanya nguo chafu nikaenda uani. Shati la kaki lilikuwa juu kabisa ya rundo, kifungo cha mfuko kimefungwa. Nikakifungua. Ndani ya kile kitambaa cha buluu palikuwa na tairi dogo la ndege. Nikalifua shati, nikalianika, nikakaa kungoja likauke, na lilipokauka nikalirudisha tairi mahali pake.